Sura ya Tisa: Buluu Isiyopauka

Mguu wa marehemu ulikuwa wa buluu. Kuanzia juu ya kifundo hadi karibu na goti, kidonda na ngozi yote iliyokizunguka, buluu iliyokolea kama wino uliomwagika sasa hivi. Inspekta aliinama, akapitisha kidole chenye glavu kwenye ukingo wa kidonda, kisha akakiangalia kidole.

"Umemwosha?" akauliza.

"Bado, afande," alisema mhudumu wa chumba cha maiti. "Kaja na bandeji yake, nimeifungua leo mlipopiga simu. Hakuna aliyemgusa."

Mwanamke aliyelala pale alikuwa mzee, mwuza vitambaa sokoni, na wodi nzima ilikuwa imempa jina: Bibi Chuma. Alikuwa na kidonda cha mguuni kilichoshinda kila sindano, kwa sababu vijidudu vilivyokaa ndani yake vilikuwa vimeshazoea dawa zote. Akapelekwa kwenye matibabu mapya, ya kupakwa rangi na kumulikwa taa. Wengine kwenye wodi ile walikuwa wanapona. Yeye sumu ilimwingia kwenye damu, akafa juzi mchana.

Jua halijazama siku ile, mwanawe wa mwisho alikuwa ameshafika kituoni. Taa ni feki, alisema. Fundi wa mitambo ya hospitali kaiuza ya kweli, kafunga ya dukani. Mama yangu wamemmulika na pambo.

Polisi wakakifunga chumba cha taa na kutia lakiri mlangoni. Tangu hapo taa haikuwashwa.

"Twende wodini," Inspekta alimwambia koplo wake.

*

Korido ya wodi ya vidonda ilikuwa imejaa. Ndugu wa Bibi Chuma, majirani zake wa sokoni, ndugu wa wagonjwa wengine waliokuja kwa mambo yao wakanogewa na haya, wote kwenye benchi moja refu, chupa za chai miguuni, wamebanana bega kwa bega.

"Mimi nimesikia ile taa sasa hivi iko saluni."

"Saluni? Taa nyekundu? Iko baa hiyo, mwenzangu. Taa nyekundu kwao ni baa."

"Nyamazeni, polisi hao."

Walinyamaza, kwa namna ya watu ambao wataendelea mlango ukifungwa.

Mwana wa marehemu alisimama. Kwao walimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mwenye mabega mapana, mikono imejaa alama ndogo ndogo za cheche, miwani myeusi ya kazi inaning'inia shingoni. Hata msibani hakuivua.

"Afande, fundi mmeshamkamata?"

"Nimekuja kuangalia taa kwanza."

"Utaangalia nini? Mimi mwanga ndio kazi yangu. Mwanga unaoua kitu unachoma. Ile haichomi hata mkono! Baridi kama ya kwenye friji. Halafu wanatuambia inaua vijidudu sugu."

"Mwambie, mwanangu, mwambie," alisema shangazi yake kutoka kwenye benchi.

Inspekta alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Kwenye kitanda cha kwanza mlangoni alilala kijana mwembamba mwenye nywele zilizochongwa kwa ufundi. Mkewe alikaa pembeni, mkono mmoja umekamata shuka. Mguu wa kijana ulikuwa wazi ukisubiri kufungwa bandeji mpya.

"Ndiye yeye?" kijana akamwuliza nesi mkuu aliyesimama kando na bandeji. "Afande, shikamoo. Mimi kinyozi. Huu mguu wangu unauliza chumba unakifungua saa ngapi."

"Marahaba. Kwa nini una haraka?"

"Mimi sina. Daktari wa upasuaji ndiye ana haraka." Alicheka peke yake. "Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka, mkafunga chumba, usaha umerudi. Kasema jioni hii akiukuta hivi hivi, anakata. Sasa kinyozi wa mguu mmoja, nitamzungukaje mteja? Itabidi mteja ndiye anizunguke mimi."

Mkewe hakucheka. "Afande," alisema, "tafadhali."

Inspekta alisogea karibu na kitanda. Alikuwa anautazama ule mguu. Rangi ilikuwepo, lakini hafifu, ya kijivu, kama shati la buluu lililoanikwa juani msimu mzima.

"Huyu alimulikwa mara ya mwisho lini?"

"Asubuhi ya siku ile ile aliyofariki Bibi Chuma," alisema nesi mkuu, ambaye wodi nzima ilimwita Sista, mwanamke mnene, macho mekundu ya kukosa usingizi. "Yeye alitangulia, Bibi akafuata."

"Rangi moja?"

"Chupa moja, afande. Brashi ndiyo tofauti."

"Mwenzake yuko chumba cha maiti na mguu kama wino. Huyu wake umepauka. Nieleze."

Sista alitangulia kuelekea chumba cha taa.

*

Koplo alivunja lakiri. Chumba cha taa kilikuwa kidogo: kitanda kimoja, kabati dogo la chuma kando yake, dirisha lililozibwa kwa kitambaa kizito. Taa yenyewe ilisimama kwenye nguzo yenye magurudumu, kichwa chake bapa kimebebwa na mkono wa chuma uliopinda. Juu ya kabati kulikuwa na bakuli la chuma lenye shashi zilizotumika.

"Hilo bakuli?"

"La Bibi Chuma," Sista alisema. "Nampaka dawa, shashi na brashi naziweka hapo. Siku ile taa ilipozimwa tu akaanza kutetemeka, tukakimbizana naye, hakuna aliyekumbuka bakuli. Halafu mkafunga."

"Lisiguswe. Nieleze kazi inavyokwenda, kama unamweleza mtu wa sokoni."

Sista alishusha pumzi. "Rangi inakipenda kijidudu, inakiganda. Peke yake haikifanyi kitu. Taa nayo peke yake haifanyi kitu. Zikikutana pale pale kwenye kidonda, hewa iliyopo inageuka kali, inakitoboa kijidudu ngozi. Dawa za sindano kijidudu kinazizoea. Kutobolewa hakiwezi kuzoea."

"Na rangi?"

"Rangi nayo inajimaliza kwa kazi hiyo. Ndiyo maana inapauka."

"Kwa hiyo mguu usiopauka haukufanyiwa kazi."

Sista aliangalia sakafu. "Ndiyo, afande."

"Hukuona?"

"Niliona. Nikasema ngozi ya mzee inashika rangi." Sauti ilishuka. "Wenzake wakiwa humu wanalia, maana inauma, inawasha kama pilipili kwenye kidonda. Yeye nikifungua mlango namkuta anatabasamu. Nikawa namtoa mfano kwa wengine. Mwoneni Bibi, nasema, mwoneni huyu chuma. Mtu anatabasamu, utamshuku vipi?"

Inspekta alimwita fundi wa mitambo. Aliingia mtu mfupi, mwenye kikokotoo na bisibisi mfukoni mwa shati, akitazama nyuma yake kila hatua.

"Umewahi kuifungua hii taa?"

"Sijawahi, afande."

Inspekta alizungusha kichwa cha taa, akamwonyesha upande wa nyuma. Skrubu nne, vichwa vyote vimekwaruzwa, chuma kinang'aa.

"Hizi zimejikwaruza zenyewe?"

Fundi alimeza mate.

"Bisibisi yako nikiiweka hapa itaingia au haitaingia?"

"Itaingia." Akajifuta uso. "Feni, afande. Feni ya kuipoza ilikufa. Nimeomba nyingine, naambiwa subiri. Nikatoa ya kompyuta mbovu ya mapokezi nikaifunga. Feni tu, naapa. Taa sijaigusa."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Umeiona hiyo korido? Kuna watu kule nje wanataka kichwa changu. Na yule mmoja mwenye mabega, yeye hahitaji hata msaada."

Koplo alikuwa ameshatoa pingu. Kila kitu kilikaa sawa: mguu usiopauka, taa iliyofunguliwa, fundi mwongo. Inspekta alimwonyesha kwa kidole asubiri.

"Sista, paka rangi kwenye shashi safi. Iweke kitandani, pale mguu unapokaa."

Sista alipaka. Inspekta alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akaulaza katikati ya shashi iliyolowa.

"Washa kama siku zote. Usifanye lolote usilolifanya siku zote."

Sista alivaa miwani myeusi, nyingine akaiweka kwenye mto wa kitanda, mahali pa mgonjwa. Akashusha kichwa cha taa, akategesha saa ya kengele, akawasha. Chumba kikawa chekundu. "Tutoke," alisema.

"Wote?"

"Wote. Ule mwanga si wa kutazama, na miwani ni hizi mbili tu, ya mgonjwa na yangu. Mimi mwenyewe natoka, kuna vitanda vingine. Kengele ikilia narudi."

"Na ndugu wa mgonjwa?"

"Ndugu nje, hilo nalikazia. Hakuna miwani, hakuna kuingia."

Walisubiri koridoni. Benchi lilipasuka kwa maneno, likatulia, likapasuka tena. Kengele ikalia, Sista akaingia kuzima, nao wakamfuata.

Shashi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Inspekta aliunyanyua ufunguo wake. Chini yake kulibaki ufunguo mwingine, wa buluu, umechorwa kila jino.

Fundi alikaa sakafuni bila kuambiwa.

"Taa ni nzima," Inspekta alisema.

"Basi kwa nini mguu..." koplo alianza.

"Taa ilikuwa nzima na iliwaka. Haikuwaka kwenye mguu." Alishika ule mkono wa chuma, akausukuma kwa kidole kimoja. Kichwa cha taa kiligeuka bila kelele, kikasimama juu ya kabati. Akachukua koleo kwenye trei ya Sista, akainua shashi ya juu kwenye lile bakuli. Ilikuwa nyeupe, imebaki na kivuli tu cha rangi. Akaigeuza. Upande wa chini ulikuwa buluu. Shashi zilizokuwa chini yake zilikuwa buluu pande zote.

Koplo alizirudisha pingu kiunoni.

"Mtu alikuwa humu ndani wakati taa inawaka," Inspekta alisema. "Mtu ambaye hakuhitaji miwani yako, Sista." Akamgeukia koplo. "Niitie yule kijana. Shangazi yake aje pia, asimame mlangoni."

*

Kitinda aliingia akiwa amekunja ngumi. Alipomwona fundi sakafuni akafikiri jambo limekwisha.

"Amekiri?"

"Amekiri feni. Kaa."

"Nitasimama."

"Uliniambia taa haichomi hata mkono. Ulisema baridi kama ya friji. Nani alikuambia?"

"Hakuna wa kuniambia. Niliweka mkono mwenyewe."

"Lini?"

Alijibu haraka, "Siku moja," kisha akasimama pale pale kwenye neno lake.

"Chumba kikifungwa hakuna ndugu anayeingia. Taa ikizimwa hakuna cha kuwekea mkono. Lini?"

Kitinda aliitazama miwani iliyoning'inia kifuani kwake, kana kwamba ndiyo iliyosema.

Shangazi alimtangulia kujibu. "Si alikuwa anaingia kumnywesha mama yake maji," alisema. "Kila mara. Sista akienda upande ule, yeye anaingia. Sote tulimwona."

"Sote?" koplo akauliza. "Nimewahoji korido nzima!"

"Ulituuliza nani kaiba taa, mwanangu. Hukutuuliza nani kampa mama yake maji."

Inspekta hakuyaondoa macho kwa Kitinda. "Niambie kuhusu mara ya kwanza."

"Aliita jina langu." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nikaingia. Akanishika shati. Mama yangu hajawahi kunishika shati, afande, hata baba alipokufa. Akasema, baba, niondolee hiki kitu, kinaniunguza. Nikaweka mkono pale pale, juu ya mguu wake. Hakuna kitu. Nikamwambia mama, hii haichomi. Akasema inachoma. Akawa analia kimya kimya, asisikike nje." Akamtazama Inspekta. "Wewe ungemwacha?"

"Ukaigeuza."

"Kidogo tu. Hapo." Alionyesha kabati. "Apumzike. Kabla ya kengele nikairudisha. Alisema Sista asijue, maana Sista alimsifu siku ile mbele ya watu, na alifurahi. Alifurahi sana kusifiwa."

"Na mara zilizofuata?"

"Alikuwa ananiita."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Sista alikuwa amegeukia ukuta.

"Mimi nachomelea," Kitinda alisema, kwa haraka sasa, kama mtu anayeeleza kazi kwa mteja mkali. "Mwanga wenye nguvu naujua. Unaikausha ngozi, unaitoa malengelenge ukizubaa. Ule haukuwa na kitu. Nikasema huu ni uongo, mama anateswa na uongo, bora apumzike. Ndiyo maana alipokufa nilijua. Nilijua ni taa."

Inspekta alimpa ile shashi yenye alama ya ufunguo. Akaishika kwa vidole viwili.

"Hii tumeimulika sasa hivi, na taa hiyo hiyo. Ulipopita mwanga rangi imekwisha. Ulipozuiwa imebaki. Mkono wako haukuwa na rangi, ndiyo maana hukusikia kitu. Mguu wa mama yako ulikuwa nayo."

Kitinda aliigeuza shashi vidoleni. Kisha akalitazama bakuli, shashi nyeupe juu, buluu chini. Alikuwa fundi, na hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

"Kwa hiyo pale alipokuwa analia," alisema.

"Pale alipokuwa analia ilikuwa inafanya kazi."

Shangazi alishika mlango. Kitinda hakulia wala hakupiga kelele. Alivua ile miwani, akaizungusha mkanda wake taratibu, akamkabidhi koplo kama mtu anayekabidhi silaha.

"Nimuombe radhi nani?" aliuliza.

Fundi wa mitambo alinyanyuka sakafuni, akajipangusa suruali, akapita kando yake. Alisita, akamgusa bega, akatoka.

"Utamweleza koplo yote, kama ulivyonieleza mimi," Inspekta alisema. "Utaanza na siku ya shati. Mengine yatafuata." Kisha akamgeukia Sista, na sauti yake ikawa ya kazi. "Hilo bakuli tunaliondoa, na picha zipigwe sasa. Taa sina kesi nayo. Kitanda cha kwanza kina saa ngapi za kusubiri?"

Sista alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Hana za kusubiri, afande."

"Basi mlete."

*

Walimwingiza kinyozi akisukumwa juu ya kitanda chake, akiwaaga watu wa kwenye benchi kama anayesafiri. "Nikirudi na mguu, kunyoa bure wote," alisema. "Nikirudi bila mguu, kunyoa bure pia, ila mtakuja nyumbani." Mkewe alimfuata hadi mlangoni. Sista akamzuia kwa mkono, akafunga.

Mwanga mwekundu ukatokea chini ya mlango. Sista alitoka, na safari hii hakwenda kwenye vitanda vingine. Alisimama kando ya mlango, mikono kifuani. Habari za shashi na shati zilikuwa zimeshafika mwisho wa benchi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyeziongezea chumvi.

Kitinda alikaa karibu na mlango, koplo pembeni yake akiandika. Alikuwa amefika kwenye siku ya shati.

Kinyozi alianza kwa kuguna. Kisha akaanza kuwatukana vijidudu kwa majina ya wateja wasiolipa, na mtu mmoja kwenye benchi akacheka kidogo. Halafu matusi yakaisha. Ukaja ukelele mmoja mrefu, wa mtu mzima aliyesahau kwamba anasikika.

"Inaniunguza! Mama Watoto! Iondoeni! Jamani, iondoeni!"

Mkewe aliruka. Sista alimwahi, lakini mwanamke mwenye hofu ana nguvu, akampita. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa Kitinda aliposimama. Hakumsukuma. Alijiweka tu kati yake na mlango, mgongo wake mpana umeegemea mbao.

"Niachie! Humsikii?"

"Namsikia."

"Anaungua!"

"Ndiyo, dada," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa imeshika fremu ya mlango pande zote mbili. "Mwache aungue."

Ndani kinyozi alilia tena. Kitinda alifumba macho, akabaki pale pale mpaka kengele ilipolia.